Bibi wa Kisamoa aliyemkanda mwanangu tumbo

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi kusini mwa Auckland, New Zealand, na mtaani kwetu Wasamoa na Watonga ni wengi. Mwanangu alipotimiza miezi 3 akaanza kulia kila jioni, tumbo gumu, miguu kaikunja. Nyumbani tungesema ni mchango. Muuguzi alimpima, akasema hana ugonjwa, yatapita. Jirani akanipeleka kwa bibi mmoja ambaye ni taulasea, mganga wa mitishamba wa Kisamoa. Akina mama wenzangu wa huku mnaniuliza kama nimeridhika. Nimeridhika, lakini si kwa kila kitu.

Kabla hajamgusa mtoto, bibi alitaka kuona kitabu chake cha chanjo. Za wiki 6 na miezi 3 zilikuwepo. Akauliza na za kaka yake: amechanjwa surua? Mwaka 2019 surua iliua watu 83 Samoa, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Siku za chanjo ya nyumba kwa nyumba, kaya zenye watu wasiochanjwa zilitundika kitambaa chekundu nje ili wachanjaji wajue pa kuingia. Bibi alikuwa kisiwani Upolu, huko huko Samoa, wakati huo. "Surua haina jani," akaniambia. "Mtoto akichemka homa, usije kwangu, kimbilia hospitali." Hapo ndipo nilipomwamini.

Kukanda wanakuita fofo. Mafuta ni ya nazi. Yale ya kina mama wanayatia maua ya moso'oi, ambayo ni langilangi yetu hasa, harufu ile ile ya nyumbani. Kwa mtoto alichukua yasiyo na ua. Aliyasugua viganjani mpaka yakapata joto, akazungusha vidole taratibu kuzunguka kitovu, kisha akamsukumia magoti tumboni na kuyaachia, tena na tena. Utosini hakugusa. Mtoto alitoa upepo mwingi, akalala usingizi ambao sikuuona kwa wiki nzima. Nilirudi mara mbili zaidi, na sasa namkanda mwenyewe kila jioni baada ya kumwogesha. Huenda umri nao umesaidia, lakini zile jioni za kilio zimekwisha.

Nilichokikataa ni dawa ya kunywa. Wanaiita vai la'au, maana yake maji ya mti. Majani mabichi hupondwa, hutiwa kwenye kitambaa na kukamuliwa ndani ya maji baridi, kama sisi tunavyokamua tui kwa kifumbu. Hayachemshwi, wala hakuna kipimo. Ni jicho la bibi tu. Mwanangu hajafika miezi 6, hanywi chochote ila ziwa la mama. Tena nonu, mti wao wa dawa, hauwezi baridi ya Auckland, na majani mabichi uwanja wa ndege hawayaachii kirahisi, kwa hiyo baadhi ya dawa anazitengeneza kwa majani mengine badala ya yale aliyofundishwa na mama yake. Nilimweleza kwa adabu, naye hakununa. "Basi mafuta yanatosha," akasema.

Sidharau majani yao. Mpera wanautumia kwa kuhara kama sisi. Mwaka 2021 utafiti ulioongozwa na mwanasayansi wa Samoa ulionyesha maabara kuwa majani ya matalafi, mmea wao wa dawa, hutuliza uvimbe karibu sawa na ibuprofen. Ila maabara haijaniambia mtoto wa miezi 3 apewe matone mangapi.

Bei hana. Pesa haombi, na kwa Wasamoa wengi kipaji hiki hakiuzwi, hupelekewa zawadi. Nilimpelekea doti ya kanga. Akajifunga papo hapo kama lavalava, nguo yao ya kujifunga kiunoni, akaomba nimsomee jina la kanga.

Beba taulo lako, na maliza kumnyonyesha mtoto saa nzima kabla ya kukandwa, asicheue. Jumapili usiende, yuko kanisani kutwa.