Silikanti wa Karatasi: Tathmini ya Deki ya Samaki katika Yu-Gi-Oh!

Kwa mtu wa Tanga silikanti si hadithi ya kale. Ni samaki ambaye wataalamu waliamini kuwa alikwisha kutoweka duniani hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wetu wa jarife (nyavu za papa) wamemnasa mara kadhaa bila kumtafuta. Hata hifadhi ya bahari iliyoanzishwa kwenye pwani hii mwaka 2009 ina jina lake. Ndiyo maana, katika Yu-Gi-Oh!, mchezo wa kadi ambamo wachezaji wawili hupambanisha mazimwi waliochorwa kwenye kadi, nilipoiona kadi iitwayo Superancient Deepsea King Coelacanth, yaani mfalme silikanti wa kale, sikusita. Niliagiza tatu, ambacho ndicho kiwango cha juu cha kadi za jina moja, nikaanza kujenga deki ya samaki, yaani rundo la kadi za kuchezea (nayo, ieleweke, si ile ya kupigwa sakafuni kwa tambara).

Mfalme huyu ana nguvu ya shambulio 2,800, na kwa kuwa ni wa ngazi ya 7, hashuki uwanjani kwa njia ya kawaida mpaka mazimwi wawili watolewe kafara, yaani waondolewe uwanjani. Akishafika, mchezaji hutupa kadi moja ya mkononi, na samaki wa ngazi ya 4 kwenda chini humiminika kutoka kwenye deki hadi nafasi zote tano zijae. Samaki hao hawawezi kushambulia na uwezo wao umefungwa, lakini wanafaa kuwa malighafi ya mazimwi wakubwa zaidi. Isitoshe, mpinzani akimlenga mfalme, samaki mmoja anaweza kutolewa kafara ili kadi iliyomlenga ibatilike.

Ugumu uko kwenye kumleta. Nilichokiona kuwa na manufaa kuliko vyote ni A Legendary Ocean, kadi ya uwanja inayoongeza nguvu ya mazimwi wa maji kwa 200 na kupunguza ngazi zao kwa moja, mkononi na uwanjani, hivyo mfalme akawa wa ngazi ya 6, anayetaka kafara moja tu, naye akafikia 3,000. Kafara iliyo bora ni Oyster Meister, kwa sababu akitolewa huacha nyuma kibadala chake (zimwi asiyetoka kwenye deki), ambacho nacho ni samaki, na mfalme akawa na mlinzi tangu pumzi yake ya kwanza. Lakini bahari hiyohiyo huleta kero: samaki wa ngazi ya 4 wakishuka huhesabiwa kuwa wa ngazi ya 3, na Bahamut Shark, mmoja wa wale wakubwa zaidi, anayehitaji wawili wa maji wa ngazi ya 4, hawezi kuundwa. Mimi nilipoteza mchezo mzima kwa kulisahau jambo hilo. Tangu hapo ninaweka pia Black Ray Lancer, anayeundwa kwa wawili wa maji wa ngazi ya 3.

Ubora wa kadi zenyewe hauna la kulalamikia, ila zile zenye mng'ao hujikunja kwa unyevunyevu wa pwani zisipovalishwa mifuko ya plastiki.

Sasa upande wa kuivunja deki hii, ambao nimefundishwa na mpwa wangu kwa Jumamosi tatu mfululizo kibarazani kwetu Ngamiani. Mara ya kwanza alinisubiri nitupe kadi yangu, akatoa Ash Blossom & Joyous Spring, ambayo hubatilisha uwezo wowote wa kuita zimwi kutoka kwenye deki; kadi niliyoitupa ikawa imepotea bure. Mara ya pili alitumia mtego wa Torrential Tribute, unaoangamiza mazimwi wote mara mmoja anapoitwa. Mtego huo haulengi zimwi yeyote, kwa hiyo ulinzi wake haukufanya kazi. "Mjomba, mfalme wako ana walinzi wa mlangoni, ila nyumba haina paa," akaniambia.

Mara ya tatu ndiyo iliyoniuma zaidi. Zimwi aitwaye Nibiru, the Primal Being hushuka pale mpinzani anapokuwa ameita mazimwi watano au zaidi katika zamu moja, akawatoa kafara wote walio wazi uwanjani. Mfalme mmoja na samaki wanne ni watano kamili, na maandishi ya kadi yanamlazimisha kuita kadiri nafasi zinavyoruhusu; huwezi kusimama kwenye watatu kwa hiari yako.

Dawa niliyoipata ni ya kupunguza nafasi. Ninaanza zamu nikiwa na mazimwi wawili wa zamu zilizopita, wasio na kibadala: mmoja kwa kafara, mwingine abaki palepale. Mfalme na samaki watatu wanakuwa wanne tu, ninakwenda moja kwa moja kushambulia kwa zile 3,000, na habari ya kumuunda Black Ray Lancer ninaiacha mpaka baada ya shambulio, maana yeye angekuwa wa tano.