Trelby kwa anayeanza kuandika skripti: tathmini kutoka Bagamoyo

Anayeanza kuandika filamu au tamthilia hapa Bagamoyo, awe mwanafunzi wa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) au kijana anayeandika nyumbani kwao Magomeni, mara nyingi huanzia kwenye Word, na huko ndiko muda unakopotea. Unasogeza jina la mhusika kwa kubonyeza nafasi mara kumi na kitu, mazungumzo unayabana kwa mkono, halafu ukiongeza sentensi moja ukurasa wa 3 vyote vya chini vinavurugika. Trelby ni programu ya bure inayoondoa adha hiyo. Inafanya kazi kwenye Windows na Linux, haihitaji intaneti baada ya kuiweka, na kwenye kompyuta ya zamani haisumbui. Bando likiisha, kazi inaendelea.

Cha kwanza inachokufundisha ni kwamba kila mstari wa skripti una aina yake. Kuna kichwa cha sini (mstari unaotaja mahali na wakati wa tukio), maelezo ya kitendo, jina la mhusika, mazungumzo, na maelezo mafupi ya mabano. Unahama kutoka aina moja kwenda nyingine kwa Enter na Tab, na programu inapanga nafasi yenyewe: maandishi ya Courier ukubwa wa 12, ukingo wa kushoto milimita 38 ili pabaki pa kutoboa na kufunga kurasa, mazungumzo kwenye safu ya herufi 35 kwa mstari, maelezo ya kitendo herufi 60. Vipimo hivi vina sababu. Ndivyo vinavyofanya ukurasa mmoja ukadiriwe kuwa dakika moja ya filamu, na kwa makadirio hayo ndipo mtayarishaji anapanga siku za kurekodi na gharama.

Kadirio hilo lisichukuliwe kama sheria, hasa kwenye hadithi za pwani. Andika "Jahazi linatweka tanga na kuondoka": ni mstari mmoja, lakini kwenye skrini linaweza kula dakika nzima. Ugomvi wa mawifi unaojaza ukurasa mzima, waigizaji wanaumaliza kwa sekunde 40. Neno la Kiswahili nalo ni refu. "Wanaotutafutia" peke yake ni herufi 14, kwa hiyo mstari wa mazungumzo unabeba maneno manne au matano tu. Dawa ni kusoma sini kwa sauti huku unapima kwa saa ya simu, kisha unaandika muda pembeni.

Kabla hujaandika sini ya kwanza, ingia kwenye mipangilio ya skripti ufanye mambo mawili. Chagua karatasi ya A4. Karatasi ya Letter wanayotumia Marekani ina urefu wa milimita 279 na A4 ina 297, tofauti ambayo ni kama mistari minne kwa ukurasa. Ukibadilisha katikati ya kazi, skripti ya kurasa 100 itashuka hadi karibu 93, na namba za kurasa ulizokwisha mpa muongozaji zitakuwa hazina maana. Jambo la pili ni kubadilisha maneno ya Kiingereza ambayo programu inayaweka yenyewe. Mazungumzo yanapokatika mwisho wa ukurasa inaandika (MORE) na (cont'd), weka (INAENDELEA). Kwenye orodha ya maneno ambayo programu hukujazia unapoandika, ongeza NDANI. na NJE. za kutumia badala ya INT. na EXT. Menyu zenyewe zimebaki za Kiingereza, na kikagua tahajia hakijui Kiswahili, kwa hiyo kiache kabisa.

Kasoro kubwa kwa mwanafunzi ni kwamba Trelby inakagua umbo tu. Tazama mfano huu:

NJE. SOKO LA SAMAKI - ALFAJIRI

Mwanaidi (22) anamtazama Salumu (45). Anakumbuka jinsi baba yake mdogo alivyowadhulumu baada ya msiba.

Umbo liko sawa, na programu itaupitisha mfano huu bila neno. Lakini kamera haioni mtu "anakumbuka", na mtazamaji hajui msiba gani. Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote kwa wanaotoka kwenye hadithi za magazetini na riwaya, kwa sababu huko msimulizi ana ruhusa ya kuingia kichwani mwa mtu. Sini hiyo hiyo ikiandikwa kwa macho:

Salumu (45) anapima changu. Kwenye mzani pamebandikwa plasta. Mwanaidi (22) anaibandua taratibu. Chini yake, jina limekwaruzwa kwa msumari: ABDALA.

MWANAIDI
Shikamoo baba mdogo. Mzani wa baba umeuonaje, bado unapima sawa?

Sasa dhuluma inaonekana, muigizaji ana kitu cha kushika, na mtu wa vifaa anajua anatakiwa kutafuta mzani, plasta na msumari. Shikamoo ya Mwanaidi nayo inafanya kazi: adabu iko palepale, na shutuma iko ndani yake.

Umbo lenyewe linakaguliwa vizuri. Ukiacha jina la mhusika bila mazungumzo chini yake, au mstari mtupu uliobaki ovyo, programu inakuonya unapotaka kutoa PDF, na kuna amri ya kukupeleka kwenye kosa moja baada ya jingine. Usiipuuze. Ripoti zake pia ni za thamani: ripoti ya sini, ya wahusika, ya maeneo, na chati inayoonyesha nani anaongea wapi. Mhusika akitokea kurasa tano za mwanzo kisha chati ikawa tupu hadi mwisho, hadithi imemsahau. Ila hesabu hizo zinafuata wanaoongea tu. Mbeba samaki asiyesema neno hatatokea, na ukipangia chakula cha waigizaji kwa ripoti hiyo, watu watakosa. Jina nalo liandikwe namna moja siku zote, maana MZEE ABDALA na ABDALA kwake ni watu wawili.

Kuna jambo ambalo hakuna ripoti itakayokukumbusha ukirekodi ufukwe wa hapa: maji. Yakipwa, Bagamoyo inaacha mchanga mpana sana, na saa ya kujaa husogea karibu dakika 50 kila siku. Sini mbili za "ASUBUHI" zilizorekodiwa siku tofauti saa ileile hazitafanana. Andika hali ya maji kwenye sentensi ya kwanza ya kitendo: "Maji yamekupwa, ngalawa zimelala mchangani."

Trelby haipo kwenye simu, na wengi hapa simu ndiyo kompyuta yao. Njia ya kupita ni kuandika kwa mtindo wa Fountain, yaani skripti ya maandishi matupu yenye alama chache za kuonyesha aina ya mstari, kwenye programu yoyote ya maandishi ya simu, kisha kuingiza faili kwenye Trelby ukipata kompyuta. Jina la mhusika liwe kwa herufi kubwa, mstari mtupu juu yake, mazungumzo yafuate chini bila kuruka mstari. Fountain inatambua vianzio vya Kiingereza pekee, kama INT. na EXT., kwa hiyo kichwa cha Kiswahili kitangulize nukta: .NDANI. SEBULENI - USIKU. Ukisahau nukta, kichwa chako hakitahesabiwa kama sini.

Bonyeza Ctrl+S kila sini inapoisha, kwa sababu umeme haubishi hodi. Ukienda kuchapa stationari, beba PDF kwenye flashi na umwombe anayechapa aache ukubwa halisi. Akichagua kuibana itoshee karatasi, ukingo uliopangwa unabadilika na herufi zinakuwa ndogo, jambo linalomchosha muigizaji anayesoma mchana juani.