Fidia ya aliyeuawa: kesi ya jinai au shauri la madai?

Mume wa mama mdogo alipouawa kwa panga huko Mafinga, Tanzania, ukoo uligawanyika. Wapo waliosema tusubiri kesi ya jinai, wengine wakataka tufungue ya madai, yaani familia yenyewe imdai muuaji fidia mahakamani.

Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, yaani serikali ndiyo inayoshtaki. Ninyi ni mashahidi tu. Hamlipi ada wala wakili, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaipa mahakama uwezo wa kumwamuru aliyetiwa hatiani alipe fidia. Mwelezeni wakili wa serikali mapema, mkiwa na risiti za jeneza na matibabu. Lakini mauaji ya kukusudia adhabu yake ni kunyongwa, na mbele ya hukumu nzito hivyo suala la fedha husahaulika. Hilo liliniuma sana.

Shauri la madai lina mzigo wake: ada, nauli za Iringa mjini, na kumteua msimamizi wa mirathi wa kufungua shauri kwa niaba ya familia. Ila hapa hamhitaji kuthibitisha pasipo shaka. Inatosha ushahidi wenu kuuzidi uzito wa upande wa pili. Sura ya 310, sheria ya fidia kwa familia ya aliyekufa kwa kosa la mwingine, inawatambua mjane, watoto na wazazi. Hapo ndipo kipato alichokuwa akileta nyumbani huhesabiwa, hadi karo za watoto.

Mimi ningeshughulikia mirathi mara moja, kesi ya jinai ikiendelea, kisha nichunguze kama mshtakiwa ana shamba au nyumba. Kama hana, madai yatawamalizia akiba bure. Kama anayo, fungueni. Asiye na uwezo aombe wakili chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.