Nosferatu ya 1922: Chagua Nakala Kwanza

Mtu akikuambia kwamba Nosferatu haitishi tena, muulize kwanza alitazama nakala gani. Sinema hii bubu ya F. W. Murnau, iliyozinduliwa Berlin tarehe 4 Machi 1922, imezagaa mtandaoni katika nakala mbovu zisizohesabika: rangi zimefutwa, watu wanakwenda mbio, na kinanda cha kuokoteza kinarudia wimbo uleule mwanzo hadi mwisho. Wengi wanaionja humo, wanacheka dakika kumi, wanaachana nayo. Wanachokicheka si kazi ya Murnau. Ni uharibifu uliofanywa baadaye, na umegusa pale pale kisa kinapoegemea: tofauti kati ya usiku na mchana.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mwaka 1838, katika mji wa kubuni wa Wisborg, dalali wa nyumba aitwaye Knock anamtuma kijana wake Hutter hadi Transylvania akamuuzie nyumba kabaila Orlok. Hutter anamwacha mkewe Ellen na kupanda milima. Mezani kwa mwenyeji wake anajikata kidole akikata mkate, na Orlok anaikimbilia damu. Kesho yake Hutter ana alama mbili shingoni, anamwandikia mkewe kwamba huku mbu wanasumbua. Kisha Orlok anasafiri kwa merikebu pamoja na majeneza yaliyojaa udongo na panya, mabaharia wanakufa mmoja baada ya mwingine, na tauni inateremka bandarini.

Mwandishi wa mswada, Henrik Galeen, alichukua kisa hiki kutoka riwaya ya Dracula ya Bram Stoker (1897), na kampuni ya Prana-Film haikuomba ruhusa. Lakini aliongeza jambo ambalo riwayani halimo: mwanga wa jua unamuua mnyonya damu. Katika riwaya, Dracula anatembea mchana, ingawa nguvu zake hupungua. Filamu zote ulizoziona ambamo mnyonya damu anateketea alfajiri zina deni kwa hii.

Sasa tazama tatizo alilokuwa nalo mpiga picha, Fritz Arno Wagner. Filamu za wakati ule zilihitaji mwanga mwingi mno. Kupiga picha nje usiku, mtaa mzima uonekane, lilikuwa jambo gumu sana. Kwa hiyo matukio ya nje ya usiku yalipigwa mchana, jua likiwaka, kisha nakala za kuonyesha zikachovywa kwenye rangi. Bluu ikawa usiku, manjano ikawa mchana na vyumba vyenye mishumaa, waridi ikawa mapambazuko. Mtazamaji wa 1922 alizisoma rangi hizo bila kuelezwa. Ukizifuta, Orlok anabeba jeneza lake mabarabarani saa sita mchana, jua linampiga utosini na hadhuriki. Halafu mwishoni unaambiwa jua limemuua! Mtu ana haki ya kucheka. Nakala ya nyeusi na nyeupe ya filamu hii imepoteza maana, hata kama picha zake ni safi.

Kasi nayo ni vivyo hivyo. Kamera ilizungushwa kwa mkono, na nakala iliyokarabatiwa inaendeshwa kwa picha 18 kwa sekunde, hivyo inachukua kama dakika 94. Picha hizo hizo zikiendeshwa kwa 24 kwa sekunde zinaisha katika dakika 70 hivi, na kila mtu anatembea kama kuku aliyefukuzwa. Hofu ya Orlok iko katika upole wake. Max Schreck, anayemcheza, anaingia mlangoni polepole, mikono imenyooka ubavuni, kucha zimetangulia, wala haharakishi kwa sababu anajua huna pa kwenda. Na kuna jambo linalopotea zaidi. Gari lake la farasi, linapokuja kumchukua Hutter msituni, lilipigwa kwa makusudi liende kwa kasi isiyo ya dunia hii. Kama filamu nzima inakimbia, gari hilo halina lolote la kushangaza.

Basi kabla ya kubonyeza, angalia mambo matatu. Urefu: ukiwa chini ya dakika 80, iache. Rangi: nenda moja kwa moja mahali Orlok anapopakia majeneza kwenye mkokoteni, pasipokuwa na bluu, iache. Majina: shujaa akiitwa Harker na kabaila akiitwa Dracula, una nakala iliyotoka kwenye matoleo ya nje yaliyobadilishwa na mara nyingi kukatwa. Majina ya toleo la Kijerumani ni Hutter, Ellen, Knock na Orlok.

Nakala kuwa za kila aina kuna sababu yake. Florence, mjane wa Stoker, aliishtaki Prana-Film, ambayo ilifilisika baada ya kutoa filamu hii moja tu, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote ziteketezwe. Nyingine zilikuwa zimeshavuka mipaka, na kila nchi ilizitendea itakavyo. Nakala bora tuliyonayo leo ilitokana na ukarabati wa Luciano Berriatúa kwa ajili ya taasisi ya Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung, uliokamilika 2006. Msingi wake ulikuwa nakala ya Kifaransa ya 1922 yenye rangi zake, iliyohifadhiwa Cinémathèque française mjini Paris, na rangi tunazoziona zimefuata hiyo.

Kwa anayenunua diski: ukarabati huo umetolewa kwa Blu-ray na Eureka ya Uingereza na Kino Lorber ya Marekani. Katika mgawanyo wa dunia kwa kanda za Blu-ray, Afrika Mashariki na Oman ziko kanda B, kama Ulaya, kwa hiyo ya Eureka itacheza kwenye mashine yako ya kawaida. Ya Kino Lorber imefungwa kwa kanda A, inawafaa ndugu walioko Marekani na Kanada. Zote zina muziki wa Hans Erdmann, alioutunga kwa ajili ya filamu hii na ambao umelazimika kujengwa upya. Ni muziki mpole kuliko unavyotarajia, una asubuhi na bustani ndani yake, na ndiyo maana giza likiingia unalisikia. British Film Institute imetoa Blu-ray yake yenye muziki wa James Bernard, mtunzi wa filamu za kutisha za kampuni ya Hammer. Huo unapiga kelele zaidi na unamsukuma mtazamaji. Anayeiona kwa mara ya kwanza aanze na wa Erdmann.

Ukishapata nakala nzuri, unaanza kuona kwa nini watengenezaji hawaiachi: Werner Herzog aliirudia 1979, Robert Eggers akaitengeneza upya 2024. Das Cabinet des Dr. Caligari, filamu ya kutisha ya Kijerumani ya 1920, ilichora hofu kwenye kuta za turubai. Murnau yeye aliipeleka kamera nje. Ngome ya Orlok ni ngome ya kweli ya Orava, Slovakia. Mitaa ya Wisborg ni ya Wismar, na nyumba anayoinunua Orlok ni maghala ya chumvi ya Lübeck, ambayo bado yamesimama kando ya maji. Kitu kisicho cha dunia hii kimewekwa katikati ya mawe halisi, mawimbi halisi na soko halisi, na jicho halina pa kujitetea.

Hila zake za kamera ni chache. Msituni, vipande kadhaa vimeonyeshwa kama negativu, miti ikawa myeupe chini ya mbingu nyeusi. Ndani ya tumbo la merikebu Orlok anainuka kutoka jenezani akiwa mkavu kama ubao, bila kukunja goti. Na kivuli chake kinapopanda ngazi kuelekea chumba cha Ellen, mwenyewe humwoni. Kisha kivuli cha mkono kinapita juu ya kifua cha Ellen na kufumba ngumi penye moyo. Hakuna tone la damu. Sehemu ya merikebu ndiyo tungeichagua kama tungeruhusiwa kubaki na moja: nahodha anajifunga kamba kwenye usukani, na chombo kinaingia bandarini kimya bila mtu hai.

Kuna mahali pa kucheka hata katika nakala bora. Gustav von Wangenheim, anayemcheza Hutter, anaangua kicheko kwa mwili mzima katika dakika ishirini za mwanzo; mvumilie, kwani baadaye anahitajika awe mtu aliyevunjika. Profesa Bulwer na mimea yake inayokula nzi anapunguza mwendo. Halafu wanakijiji wanaonya kwamba mbwamwitu wa kichawi anazunguka usiku, na anayetokea ni fisi mwenye milia. Mtazamaji wa Ulaya huenda asimtambue. Wetu atamtambua mara moja, na kwa kuwa kwetu fisi amekuwa kipando cha wachawi tangu zamani, kosa hilo linaishia kuifaa filamu.

Jambo zito zaidi ni sura ya Orlok. Mgeni mwenye pua kubwa anayekuja kutoka mashariki akileta panya na maradhi: wahakiki wengi wameona humo taswira za chuki dhidi ya Wayahudi zilizokuwa zikienea Ujerumani. Galeen mwenyewe alikuwa na asili ya Kiyahudi, vilevile Alexander Granach anayemcheza Knock, lakini hilo halifuti kinachoonekana kwenye skrini. Litazame ukijua.

Mwisho, runinga yako. Zima kile kipengele cha kulainisha mwendo, maana hubuni picha ambazo hazipo na kumfanya Orlok ateleze. Acha umbo la picha liwe 4:3, lenye weusi pembeni. Ukilivuta lijaze kioo unamnenepesha mtu ambaye wembamba wake ndio kutisha kwake. Punguza mwanga wa chumba, usipandishe mwanga wa kioo, la sivyo bluu inageuka kijivu. Maandishi ya skrini ni mengi, ya Kijerumani au Kiingereza: barua, kitabu cha wanyonya damu, kumbukumbu za nahodha. Ukiionyesha kwa kundi, mpe mtu mmoja kazi ya kuyasoma kwa Kiswahili, kama wafanyavyo ma-DJ wa filamu Tanzania na ma-VJ wa Uganda, ila huyu asome kilichoandikwa tu na anyamaze picha inaporudi. Ayapitie siku moja kabla, kwa sababu kurasa za kitabu zina sentensi ndefu na hazikai sana.