Google Business Profile kwa ofisi ndogo ya IT Dar es Salaam: uzoefu wangu

Google Business Profile ni wasifu wa biashara unaoonekana kwenye Google Search na Google Maps. Naitumia kutafutia wateja wa kompyuta na mtandao, na kwa huduma ya bure sijaona inayoifikia. Ila ujue inakuletea nini: mtu ambaye mashine yake imeshagoma. Mkataba wa matengenezo ya kila mwezi unautafuta mwenyewe ukishafika ofisini kwake.

Mwenye laptop isiyowaka haandiki "suluhisho za TEHAMA". Anaandika "fundi laptop Sinza" au "kupiga window" (kuweka Windows upya). Kwa hiyo orodha ya huduma nimeiandika kwa maneno hayohayo, kila kazi peke yake: kupiga window, kubadilisha kioo, kurudisha mafaili yaliyofutika, kuvuta nyaya za mtandao, kufunga kamera. Maneno hayo usiyaingize kwenye jina la biashara. Jina liwe lile la kwenye bango na leseni, maana ukijiita "Fundi Laptop Bei Nafuu Sinza" wasifu unaweza kusimamishwa, na kuurudisha kunachosha.

Kategoria kuu ina uzito kuliko maelezo marefu. Ukichagua duka la kompyuta, utapigiwa na wanaoulizia bei za laptop. Chagua ya huduma za kompyuta, kisha ongeza za ziada kwa kazi unazozifanya kweli. Mwisho wa hizo za ziada ni 9. Kama huna chumba cha kupokelea wateja, ficha anwani na utaje maeneo unayohudumia, hadi 20. Lakini kutaja Tegeta wakati uko Temeke hakukupandishi sana. Google huangalia huduma inavyolingana na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu wa biashara, na umbali hauubadilishi kwa kuandika.

Wengi hukwama kwenye uthibitisho wa video, ambao Google huutumia kuhakikisha biashara ipo kweli. Irekodi kwa simu bila kukata, isipungue sekunde 30. Anza nje, barabara na maduka ya jirani yaonekane, sogea kwenye bango, fungua mlango kwa ufunguo wako, kisha onyesha meza ya kazi: bisibisi, koleo la kubania RJ45 (vichwa vya nyaya za mtandao), laptop iliyofunguliwa. Ukianza ndani moja kwa moja, hakuna kinachoonyesha ofisi iko wapi. Sura za wateja na namba za akaunti zisionekane.

Maoni ya wateja ndiyo yanayokuza umaarufu. Kiungo cha kuandikia maoni mtumie mteja WhatsApp palepale mashine inapowaka mbele yake; ukisubiri kesho, ameshasahau. Mwombe ataje kazi iliyofanyika na mtaa. Usimpe punguzo ili aandike, wala usiwaandikishe wafanyakazi wako: yote mawili yamekatazwa na maoni yanaweza kufutwa. Akilalamika mtu, jibu kwa utulivu na ueleze ulichorekebisha, kwa sababu wateja wajao wanasoma hapo kwanza.

Sasa huo mkataba. Ukienda kutengeneza kompyuta moja kwenye ofisi ya watu, omba dakika 10 za ziada. Hesabu mashine, angalia Windows ipi, uliza nakala za mafaili ya mhasibu zinatunzwa wapi. Mara nyingi jibu ni flashi moja kwenye droo. Andika hayo kwenye ukurasa mmoja, weka bei ya mwezi kwa kila mashine, na umkabidhi mwenye kauli ya malipo. Anayekupokea mapokezi mara nyingi siye.

Kwa ufuatiliaji, WhatsApp Business inatosha: weka lebo ya "bei imetumwa" na nyingine ya "mkataba". Orodha ya matangazo (broadcast list) hubeba watu 256, ila ujumbe hauwafikii ambao hawajahifadhi namba yako. Ndiyo maana kabla ya kuondoka nabandika stika ndogo chini ya laptop au ubavuni mwa switchi ya mtandao, yenye namba yangu, tarehe na kazi iliyofanyika, na namwomba mteja aihifadhi namba hiyo nikiwa bado nimesimama hapo.