Wota pampu "mpya" ya RAV4 yangu

Nilipokaa kuandika nilikuwa nimeshawapa nyota tatu. Gereji yenyewe iko Tabata, jina naliacha. Si chafu, breki walinifungia vizuri mwaka juzi, na vijana wa pale wanajua kuamkia. Nayasema haya mapema kwa sababu nikifika katikati sitakuwa na moyo wa kuyasema.

Gari ni RAV4 ya toleo la kwanza, yenye injini ya 3S. Kaka yangu aliniachia, na nimekaa nalo miaka mingi kuliko nilivyokaa na mtu yeyote. Likaanza kula maji. Asubuhi nikifungua boneti, chupa ya akiba imekauka, na chini upande wa dereva, palipo na mikanda, kuna tone. Fundi alichungulia mara moja akasema ni wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini. Hapo alisema kweli, haki yake nampa.

Sasa kwenye 3S, pampu haizungushwi na mikanda hii ya nje unayoiona ukifungua boneti. Inazungushwa na taimingi belti, mkanda wenye meno unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, ndani, nyuma ya makava. Ukitaka kubadilisha pampu lazima uuvue mkanda wenyewe, na ukishafika huko ni ujinga kurudisha mkanda wa zamani, maana kazi ya kufungua ni ile ile. Nilikubali yote. Nikatoa hela ya pampu ya kampuni ya Aisin, hela ya mkanda, hela ya kulanti, yaani maji ya dawa ya kupoza injini, na hela ya ufundi. Sikubishania hata mia, na mimi kubishana bei nakujua, nimekulia Kariakoo.

Jioni nikaenda kuchukua gari. Akanionyesha boksi la Aisin. Boksi, nasema. Nikamwambia, "Fundi, naomba na ile pampu ya zamani."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Dada, ya nini? Unaenda kuipika?"

Gereji nzima ikacheka. Kijana wa rangi alicheka, mlinzi alicheka, hata mteja mmoja aliyekuwa anasubiri oili alicheka huku anajifanya anaangalia simu. Na mimi nikacheka! Hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo. Mtu mzima, hela nimelipa mimi, gari langu, pampu yangu, nacheka ili nisionekane mwanamke mgomvi. Nikachukua ufunguo nikaondoka.

Gari lilitulia. Maji hayakupungua, na geji ya joto ikawa inakaa chini kabisa, chini kuliko zamani. Nikafurahi, nikasema huyu mtu mdomo wake mbaya ila mkono wake mzuri. Nikamsifia kwa watu wawili ofisini. Mmoja alipeleka gari lake, naomba radhi kwake hapa.

Baada ya kama mwezi, sikumbuki vizuri, kukaanza mlio, mwembamba, kama panya kwenye dari. Nikampigia. "Pampu mpya hiyo, dada, beringi bado ngumu. Itazoea." Nikaamini. Unajua mtu akikufanya kichekesho mara moja mbele za watu, mara ya pili unaogopa kuuliza.

Ilizoea mpaka Mdaula. Tulikuwa tunakwenda Morogoro kwenye sendofu ya binti wa dada yangu, shangazi amekaa mbele, keki ameipakata. Panya akapiga kelele mara moja, kikasikika kitu kinaparuza, halafu kimya. Injini imezima, usukani umekuwa mzito, nyuma kuna semi inapiga honi. Nilijivuta pembeni sijui kwa neema gani. Dereva wa semi, niliyedhani ananitukana, alisimama mbele, akakata matawi akayapanga barabarani nyuma ya gari langu, akaniambia, "Usiwashe tena, mama. Ukisikia starta inazunguka nyepesi hivyo, mkanda umekwenda." Hakunidai kitu. Shangazi wala hakusema neno, alikuwa anaipepea keki kwa kanga.

Tulivutwa kwa kamba mpaka Morogoro. Sendofu tulifika wanakata kuku, keki imelala upande mmoja kama kofia ya mlevi. Hayo yalipita.

Kesho yake nikapelekwa kwa mzee mmoja mwenye gereji ya chini ya mwembe, haina hata kibao. Shikamoo, marahaba, akaanza kufungua. Makava yalipotoka niliona mkanda umenyolewa meno sehemu moja, laini kama kamba ya kiatu. Pampu ilikuwa imekwama, haizunguki hata kwa spana. Akaing'oa, akaipangusa kwa kitambaa, akaniita niione karibu.

"Mwanangu, hii ulifunga lini?"

Nikamwambia, kama miezi miwili.

Akageuza ule upande unaosukuma maji. Mapanga yake yameliwa na kutu mpaka yamekuwa kama meno ya msumeno. Miezi miwili haili chuma hivyo. Halafu akanionyesha kitundu kidogo kwenye shingo ya pampu. "Hapa ndipo inapolilia," akasema. Nilikuwa sijui hata kama kipo. Ndani ya pampu kuna sili inayozuia maji yasifike kwenye beringi. Sili ikichoka, maji yanayopenya hutokea kwenye kitundu hicho, yanadondoka chini, na wewe unajua pampu inaomba kupumzishwa. Lile tone langu la upande wa dereva ndilo hilo. Sasa kitundu changu kilikuwa kimezibwa kwa silikoni. Maji yakakosa pa kutokea, yakaingia kwenye beringi, yakaosha grisi yote, na beringi kavu ikaanza kulia panya wake.

Yaani pampu yangu ya zamani iling'olewa, ikasuguliwa kwa brashi ya waya, ikazibwa mdomo, ikarudishwa. Ndiyo maana haikuwepo ya kunipa nikapike.

Na haikuishia hapo. Mzee akafungua palipo na themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, hamna kitu. Imetolewa. Kumbe furaha yangu ya geji kukaa chini ni injini inayotembea baridi siku nzima na kunywa petroli. Kuna mafundi wanaapa kwamba joto la Dar halihitaji themostati. Ile ya 3S hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Dar ina joto, lakini hatujafika huko.

Kitu kimoja kiliniokoa, nacho hakina shukrani kwa fundi yeyote: injini yangu, 3S-FE, mkanda ukikatika pistoni hazigongi valvu. Zipo injini nyingi ambazo pale Mdaula ningekuwa naongelea silinda hedi. Pampu mpya, mkanda mpya, themostati, kulanti, saa kumi jioni gari linawaka.

Sasa nijaribu kuwa mtu wa haki. Inawezekana fundi wangu naye aliuziwa. Kariakoo pampu kuukuu kwenye boksi jipya si habari ngeni, na nilipompigia alisema hivyo hivyo: "Dada, feki zimejaa mjini, mimi nitajuaje?" Nikakaa na jibu hilo siku mbili, nikawa karibu kurudisha nyota ya pili. Kisha nikakumbuka. Silikoni iliyokuwa kwenye kitundu ilikuwa nyekundu. Na siku ile, wakati wananicheka, juu ya meza yake kulikuwa na tyubu ya silikoni imekamuliwa nusu, mdomo wake mwekundu. Nilikuwa naiangalia hiyo ili nisiwaangalie wao usoni.

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya breki.

Baadaye, baada ya kumtumia picha ya kitundu bila maneno, simu ikalia: elfu thelathini kwenye M-Pesa, kutoka kwake. Hakuna ujumbe, hakuna samahani, hakuna "dada". Haifiki hata robo ya hela yangu. Mume wangu anasema niirudishe kwa heshima yangu. Sijairudisha. Nimenunulia kulanti ya akiba, na ninavyoandika hapa sijui kama hiyo inampandisha fundi au inanishusha mimi.

Yule mzee wa Morogoro, kabla sijalipa, kabla sijaomba chochote, aliifunga pampu mbovu kwenye gazeti, na mkanda ulionyolewa meno juu yake, akaviweka kwenye kiti cha mbele. "Mali yako hii," akasema. Iko jikoni kwangu, dirishani, karibu na jiko.