Mbegu za Pilipili Kali kwa Bustani ya Nyumbani: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mtu anayetaka kuotesha pilipili kali sana nyumbani kwake kwa kawaida huingia dukani, au hufungua simu, akiwa na swali moja tu: ipi ndiyo kali kuliko zote? Kwa maoni yangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama mbegu iliyomo ndani ya pakiti iko hai, na kama kweli ni ya pilipili iliyochorwa juu ya pakiti hiyo, kwa sababu mbegu ya pilipili mbuzi na mbegu ya hoho zikiwekwa kiganjani zinafanana kiasi kwamba hata mkulima mzoefu hawezi kuzitenganisha kwa macho. Utajua ulichonunua baada ya miezi minne au mitano, matunda yatakapoiva. Msimu mmoja nilinunua pakiti yenye picha ya pilipili nyekundu zilizokunjamana, nikaitunza miche mpaka ikanifika kiunoni, na mwishowe nikavuna pilipili ndefu laini ambazo mtoto angeweza kuzila na wali. Fedha iliyopotea ilikuwa kidogo, lakini msimu mzima haukurudi.

Kwa hiyo nimepanga mbegu hizi kwa kufuata mambo matatu, na uzito wake ni kwa mpangilio huu huu: uhakika wa kuota, uhakika wa aina, kisha ukali. Ukali hupimwa kwa kipimo cha Scoville, kilichobuniwa na mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville mwaka 1912. Zamani maji ya sukari yaliongezwa kwenye dondoo la pilipili mpaka ulimi wa mwonjaji usisikie tena muwasho. Siku hizi mashine hupima moja kwa moja kiasi cha kapsaisini, kemikali inayowasha. Hoho iko kwenye sifuri. Kuanzia 100,000 kwenda juu, chakula cha familia nzima kinaweza kukolezwa kwa pilipili moja, na mpishi wa kawaida hahitaji kuzidi hapo.

Nafasi ya kwanza naipa bila kusita pilipili mbuzi ya mbegu ya kawaida, isiyo chotara, iliyofungwa na kampuni iliyosajiliwa. Kwenye pakiti mara nyingi huandikwa habanero, au jina la kisayansi Capsicum chinense. Jina hilo lisikupotoshe ukadhani mmea umetoka China, kwani asili yake ni Amerika ya kitropiki. Ukali wake ni kati ya 100,000 na 350,000, una harufu tamu inayokaribia ya tunda, na ndiyo pilipili ambayo watu wa pwani wanaitarajia kwenye achari, kwenye urojo na pembeni ya muhogo wa kuchoma. Mmea huu unazoea ndoo ya lita 15 hadi 20 yenye matundu chini, na kwa kuwa mbegu si chotara, unaweza kuzitunza mbegu za tunda lako bora na kuzipanda tena msimu unaofuata. Kwa nyumba yenye watu sita, miche minne inatosha na jirani akapata. Gramu moja ya mbegu ina takribani mbegu 150, kwa hiyo usikubali kuuziwa kopo la gramu 50 eti kwa sababu bei ya gramu inashuka. Utazipanda chache, na nyingine zitazeeka kabatini.

Kabla ya kulipa, geuza pakiti uisome mgongoni. Tafuta jina la aina, namba ya kundi la mbegu, asilimia ya uotaji, tarehe ya kupimwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tanzania tafuta lebo ya Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu, TOSCI; Kenya tafuta stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, ambayo hukwanguliwa namba yake ikatumwa kwa ujumbe wa simu ili kujua kama pakiti ni halali. Tarehe naiangalia kuliko vyote. Mbegu ya pilipili iliyohifadhiwa mahali pakavu na penye ubaridi huota vizuri kwa miaka miwili au mitatu, lakini ikikaa dirishani kwenye jua la Tanga au Mombasa, joto na unyevu huishusha nguvu mapema mno, hata kama tarehe iliyoandikwa haijafika. Muuzaji anayetundika pakiti zake mlangoni juani simnunulii, hata kama ni rafiki. Ukikuta mbegu zimepakwa rangi ya waridi au ya buluu, hiyo ni dawa ya kuzuia ukungu. Si kasoro, ila nawa mikono baada ya kuzishika na uziweke mbali na watoto.

Nafasi ya pili itawashangaza baadhi ya wasomaji, kwa sababu ni mbegu ambayo haiuzwi kama mbegu: pilipili mbuzi mbivu kutoka sokoni. Nimeiweka juu ya chaguo nyingi za dukani kwa sababu mbili. Unaionja kabla ya kuipanda, jambo ambalo pakiti haiwezi kukupa, na mbegu yake ni mpya kabisa. Chagua matunda matano au sita kutoka fungu moja, yaliyokomaa hadi kubadilika rangi yote, yawe mekundu au ya manjano, maana mbegu za tunda la kijani mara nyingi hazijakomaa. Vaa glovu, pasua, ondoa mbegu, zianike kivulini juu ya karatasi kwa muda wa wiki moja au zaidi, mpaka mbegu ikikunjwa ivunjike badala ya kupinda. Udhaifu wa chaguo hili ni kwamba huwezi kujua mama yake alichavushwa na nani. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe kwa kiasi kikubwa, lakini nyuki hupita, na shamba lililochanganya aina mbili linaweza kukupa mtoto asiyefanana na mzazi. Ndiyo maana nashauri kuchukua mbegu za matunda kadhaa, kisha kuotesha miche zaidi ya unayohitaji.

Pilipili kavu za dukani ni habari nyingine. Nyingi zimeanikwa kwenye jua kali na kukaa ghalani muda usiojulikana, na uotaji wake ni wa kubahatisha. Ziache jikoni.

Ya tatu ni pilipili kichaa, Capsicum frutescens, ile ndogo inayosimama wima juu ya tawi. Ukali wake huanzia takribani 50,000 na huweza kuvuka 100,000, kwa hiyo kwa namba iko chini ya pilipili mbuzi, ingawa muwasho wake huja haraka na mkali kiasi kwamba wengi huapa kuwa ndiyo kali zaidi. Kwa mtu aliye na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ningeweza kuipandisha hadi nafasi ya pili, kwa sababu katika maeneo ya joto kichaka chake huishi miaka kadhaa na kuzaa bila kubembelezwa. Mbegu zake zinachelewa kuota, hivyo usikate tamaa kabla ya wiki nne. Utawahitaji pia ndege kuwa majirani wema, kwani wao hawausikii muwasho wa kapsaisini, na watakula matunda na kuzisambaza mbegu hadi kwa jirani.

Miche iliyokwisha kuota, inayouzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara, naiweka ya nne. Inaokoa wiki nane hadi kumi, na kwa mtu aliyeshindwa kuotesha mara mbili ni njia ya heshima kabisa. Tatizo ni majina. Katika maandishi ya zamani ya Kiswahili, pilipili hoho ilikuwa ndiyo pilipili kali, tofauti na pilipili manga. Leo ukimwomba muuzaji hoho atakupa ile tamu ya kukata kwenye mboga. Majina ya aina kali nayo hubadilika kutoka soko moja hadi jingine, na mche mdogo hausemi chochote. Geuza majani ya juu uangalie upande wa chini. Ukiona vidukari, inzi weupe, au majani machanga yaliyokunjamana kama yamechomwa moto, usinunue hata mche mmoja kutoka kitalu hicho, kwa sababu wadudu hao hubeba virusi ambavyo havina dawa, na mche mmoja mgonjwa utaangamiza ndoo zako zote.

Mbegu chotara, zile zenye alama ya F1, zinafuata nafasi ya tano. Sizidharau. Kwa mkulima wa biashara anayetaka matunda yanayolingana na mmea unaostahimili magonjwa, zinastahili bei yake. Nyumbani lakini unalipia sifa usizozihitaji, na mbegu utakazotoa kwenye matunda yake hazitakupa mmea kama ule ulioununua, kwa hiyo kila msimu utarudi dukani.

Nafasi ya sita wamo wale ambao pengine ndio waliokuleta hapa: pilipili zinazovuka milioni moja. Zote ni za jamii ya pilipili mbuzi au zina damu yake. Bhut Jolokia ya kaskazini mashariki mwa India, maeneo ya Assam na Nagaland, ilitambuliwa na kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness mwaka 2007 kwa kiwango cha 1,001,304. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New Mexico walipima Moruga Scorpion ya Trinidad wakapata wastani wa zaidi ya milioni 1.2. Carolina Reaper, iliyozalishwa na Ed Currie huko South Carolina, Marekani, ilishika rekodi mwaka 2013, na baadaye ikapimwa kwa wastani wa 1,641,183. Kama ni lazima ununue mojawapo, anza na Bhut Jolokia. Ni aina ya kienyeji ya muda mrefu huko kwao, iliyozoea joto na unyevu.

Sababu ya kuziweka chini si ukali wenyewe. Ni kwamba mbegu zake nyingi zinazozunguka mtandaoni hutoka kwa watu waliovuna bustani yenye aina kumi zilizopandwa bega kwa bega. Muulize muuzaji mambo matatu: alivuna mwaka gani, aliyafunika maua kwa wavu au aliitenga mimea, na kama ana picha ya mmea aliouchukulia mbegu, si picha ya tunda moja aliyoipata kwingine. Anayejua kazi yake hujibu kwa furaha na kwa kirefu. Kwa mbegu za kutoka nje ya nchi, fahamu kwamba zinahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, kupitia TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya. Bahasha iliyotumwa kimyakimya inaweza kuzuiwa na kuteketezwa, na huo si urasimu wa bure, kwa kuwa vipo virusi vya pilipili na nyanya vinavyosafiri juu ya ganda la mbegu. Tafuta kwanza mtu aliyekwisha kuzizalisha humu nchini.

Na uwe na subira nazo. Udongo ukiwa na nyuzijoto 25 hadi 30, pilipili za kawaida huota ndani ya wiki moja hadi mbili, lakini hizi huweza kuchukua wiki mbili hadi sita. Kabla ya kuzika pakiti nzima, jaribu mbegu tano ndani ya karatasi laini yenye unyevunyevu, kwenye kopo lililofunikwa, juu ya friji au mahali pengine penye vuguvugu. Zinazobaki panda kwa kina cha nusu sentimita kwenye unga wa makumbi ya nazi au mboji iliyochekechwa, na usimwagilie hadi udongo ukalowa chepechepe, maana ugonjwa wa kinyausi hukata shina la mche mchanga kwa usiku mmoja.

Kuna mbegu mbili ambazo hazina nafasi yoyote. Mojawapo ni ya pilipili za buluu ya wino au za rangi zote za upinde wa mvua katika tunda moja. Zambarau ipo kweli, hizo nyingine ni picha zilizochezewa. Nyingine ni Pepper X, yenye rekodi ya sasa iliyotangazwa mwaka 2023, wastani wa 2,693,000. Mzalishaji wake, Ed Currie yuleyule, hajaziachia mbegu zake sokoni. Anayekuuzia anakuuzia jina.

Kuhusu wakati wa kununua, pwani nunua mwezi wa Februari na uoteshe Machi, chini ya paa linalozuia mvua za masika. Maua yatafunguka Julai, wakati usiku umepoa, na kwa hiyo hayatapukutika kama yanavyopukutika katika joto la Januari hadi Machi. Arusha, Iringa au Nairobi ngoja hadi Agosti au Septemba, baridi ikianza kupungua. Mbegu zitakazobaki zifunge kwenye chupa ndogo kavu yenye kifuniko kinachobana, andika aina na mwezi, uziweke chini kabisa ya friji, mbali na mlango unaofunguliwa kila mara.